Lakoro wa Upande Gani?

Mtoto wa miezi mitatu haitiki. Kama una ubishi, nenda umwite wa kwako sasa hivi halafu urudi unieleze. Atageuza macho, atarusha miguu, akiwa na raha atakuchekea na ufizi mtupu. Lakini kuitika, hapana.

Ndiyo maana Jemutai, siku ile akikoroga uji huku amempa mtoto mgongo, alipoita kwa mchezo tu, "Lakoro! Lakoro wangu!" na sauti ikajibu nyuma yake, "Niko," aliendelea kukoroga mara tatu nne kabla mkono haujasimama. Alidhani ni mume wake. Kisha akakumbuka kwamba Phineas alitoka zamani kwenda kazini, na mlango ameurudisha yeye mwenyewe.

Aligeuka. Mtoto alikuwa amelala chali kitandani, mdomo umefungwa, macho ameyakaza kwenye kona ya chumba. Na ile sauti haikuwa ya mtoto hata kidogo. Ilikuwa ya mwanamume mzima, nzito, ya uvivu, kama ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Chumba kikanuka majivu yaliyomwagiwa maji, na moto wa Jemutai ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

Hakupiga kelele. Alimchukua mtoto, akatoka naye nje, akakaa juani mpaka uji ukaungua.

Hao walikuwa watu wa kawaida tu, wala msifikiri walikuwa na makuu. Mwaka ule wa hamsini, Phineas Wepukhulu alikuwa karani katika ghala la mahindi la Mhindi mmoja mjini Eldoret, mji ambao watu wa kwao Jemutai waliuita Sisibo. Waliishi katika chumba cha mabati nyuma ya ghala hilo. Yeye Mbukusu, mkewe Mnandi. Walipooana watu walisema sana, upande huu na upande ule, mpaka wakachoka kusema. Wawili hao walikuwa wamezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Huyu alikuwa wa tatu, na Jemutai alikuwa amejiambia moyoni kwamba akimzika na huyu, yeye naye hatatoka makaburini kurudi nyumbani.

Sasa huyu naye alikuwa anakonda. Alizaliwa mnene, mikunjo kwenye mapaja kama chapati iliyokunjwa. Lakini tangu kitu kile kianze kuitika, kila kikiitika yeye anakataa ziwa siku nzima. Mara ya kwanza aliacha kunyonya mpaka jioni. Mara ya pili, siku moja na nusu. Jemutai alijaribu kunyamaza, asilitaje jina. Ungeweza wewe? Mtoto akilia, mama humwita. Linatoka lenyewe kabla hujalishika.

Phineas hakuamini. Alisema ni wafanyakazi wa ghalani wanapita nyuma ya mabati. Akasema hivyo wiki nzima, kwa ile sauti ya makarani ya kujua kila kitu, mpaka Jumatano moja aliporudi kula chakula cha mchana. Alimwinamia mtoto, akamtekenya kidevu, akaita. Kutoka chini ya kitanda, karibu na viatu vyake mwenyewe, kikajibu, "Niko."

Sahani ya ugali ilimtoka mkononi.

"Hii nyumba iko na kitu," alisema walipofika nje. Alikuwa ananong'ona ingawa jua lilikuwa utosini. "Waswahili wa hapa mjini wanaita jini. Tunahama, Jemutai. Hatungoji mwisho wa mwezi."

"Tunahamia wapi?"

Hapo ndipo maneno yalipoanza, maana mahali palikuwa pawili.

Pa kwanza palikuwa Lokesheni, mtaa wa Waafrika hapo mjini, kwenye nyumba za mawe ambazo manispaa ilikuwa imemaliza kujenga. Phineas aliisifu kama mtu anayeiuza. Sakafu ya simiti. Mfereji wa maji hatua ishirini kutoka mlangoni. Taa ya barabarani. Majirani wengi, wengine wa kwao, na zahanati karibu kama mtoto atazidiwa.

Pa pili palikuwa Kiplombe, nje ya mji, mpakani mwa mashamba ya wazungu. Mama mmoja mjane, Tryphosa, alikuwa na nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, na kimoja kilikuwa tupu. Huko hakuna mfereji, unateka kisimani. Lakini kuna hewa, kuna maziwa, kuna mahali pa kupanda sukuma wiki, na barabara inayoenda kwa mama yake Jemutai, upande wa Moiben, inapita hapo hapo.

"Huko ni porini," Phineas alisema. "Jini linapenda porini. Mahali pa watu wengi ndio pazuri. Litamsumbua nani, kuna kelele hivyo?"

"Na mahali pa watu wengi ndio pana vifo vingi. Unajua nani alikufa kwa chumba gani?"

"Nyumba ni mpya! Hakuna mtu amekufa ndani!"

"Basi twende tuone zote mbili," Jemutai akasema. "Na mimi ndiye nitapima."

"Utapima na nini?"

"Nitamwita."

Phineas akaangalia ule mkono wa mtoto uliokuwa umetoka kwenye shuka, mwembamba, ngozi imelegea. Akakubali kwa kichwa.

Jumamosi mchana walikwenda Lokesheni. Mzee wa mtaa aliwafungulia mlango, akawaachia funguo, akaenda zake. Lo, kilikuwa chumba! Kuta zimepakwa chokaa, nyeupe mpaka unaogopa kuegemea. Dirisha lina wavu. Moto haujawahi kuwashwa mle, jungu halijawahi kuinjikwa. Nje wanawake walikuwa wanacheka kwenye mfereji, ndoo zinagongana. Jemutai alisimama katikati, mtoto mgongoni.

"Lakoro," akaita.

Kimya. Maji tu yanamwagika huko nje.

"Lakoro!"

Kimya. Mtoto alijinyoosha mgongoni akakohoa kidogo. Phineas alianza kutabasamu, na Jemutai machozi yakamtoka kwa furaha, akacheka na kulia pamoja.

"Si nilikwambia?" Phineas akasema. "Si nilikwambia, mama?"

Basi kwa furaha hiyo tu, si kwa kupima tena, Jemutai akamgeuzia mtoto uso begani akamwita mara ya tatu, "Lakoro wangu, tumepona!"

Harufu ilitangulia. Majivu na maji, katika chumba ambacho hakijawahi kuona moto, harufu ikiingia polepole kutoka nyuma ya ule mlango waliouegemeza wenyewe ukutani, na nyuma ya mlango huo, mahali ambapo hata paka asingejibanza, ile sauti ya uvivu ikasema, "Niko. Nilikuwa nazunguka, naangalia nyumba."

Walitoka mbio. Phineas alirudisha funguo, akamwambia mzee watafikiria. Yule mzee aliwaangalia akaona ni watu wenye homa.

Mtoto hakunyonya usiku huo, wala asubuhi, na walipokuwa kanisani Jumapili Jemutai aliyasikiliza mahubiri yote bila kusikia neno moja, kidole chake kiko kwenye kifua cha mtoto, anahesabu pumzi. Baada ya ibada akamfunga mtoto mgongoni akashika njia ya Kiplombe. Phineas alimfuata nyuma.

Mama Tryphosa alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mkristo wa zamani, mkunga wa watu wote wa sehemu ile. Alibatizwa, ndiyo, lakini mizizi yake hakuitupa, na padri alijua akajifanya hajui. Aliwaonyesha chumba bila maneno mengi. Kilikuwa kimesiribwa upya, udongo na samadi, kinanuka ng'ombe na majani. Upepo uliingia mlango mmoja ukatokea dirishani. Jemutai alikipenda mara moja, na kwa sababu alikipenda hakutaka kuita.

"Ita," Phineas akasema.

"Tuhamie tu. Tuhamie, tusilitaje kamwe."

"Na siku ukisahau? Ita, Jemutai. Afadhali tujue."

Mama Tryphosa aliwaangalia, mara huyu mara yule. "Mnamwita nani?"

Jemutai alifumba macho, akashika ukuta kwa viganja vyote viwili, akanong'ona jina lile kwa sauti ndogo ambayo hata Phineas aliyekuwa mlangoni hakuisikia, akitumaini kwamba likitajwa kidogo litasikika kidogo, na akangoja, akasikia upepo, akasikia kuku wa Mama Tryphosa wakiparua nje, akasikia moyo wake mwenyewe ukimpiga masikioni, na alipokuwa anaanza kuvuta pumzi ya kushukuru akasikia joto kwenye shingo yake, nyuma, chini ya kitambaa cha kichwa, pumzi ya mtu mzima yenye harufu ya majivu mabichi, na sauti haikutoka konani wala chini ya kitu wala nyuma ya mlango, ilitoka pale pale mgongoni pake, ndani ya shuka, ikasema taratibu, "Niko. Hapa pia ni pazuri."

Alipiga ukemi uliowarusha kuku. Phineas aliivuta ile shuka akamshika mtoto asianguke. Mtoto alikuwa amelala. Midomo yake ilikuwa mikavu na imefungwa kabisa.

"Nimesikia," Mama Tryphosa akasema. Alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, mkono kifuani. "Yesu wangu, nimesikia. Nyinyi hamna nyumba mbaya. Mnazunguka mji mzima kutafuta nyumba na kitu mmekibeba. Hilo jina mlilitoa wapi?"

Phineas akamwangalia mkewe. Mkewe akamwangalia yeye.

"Ni la kwenu," wakasema wote wawili.



Wacha niwaambie ilivyokuwa. Mtoto huyu alipozaliwa alilia siku mbili. Mabibi wote wawili walikuja: Nanzala, mamake Phineas, na Jepkemboi, mamake Jemutai. Kila mmoja alijua la kufanya, maana kwa Wabukusu na kwa Wanandi jambo hili halitofautiani sana: mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anataka jina. Mnawataja wafu wenu mmoja mmoja. Kwa Wanandi unampitishia ugoro puani, na jina ambalo atapigia chafya, huyo ndiye amekuja. Basi wakakaa wote wawili kwenye kile chumba cha mabati chenye moshi, Jepkemboi anataja wa kwake kwa Kinandi, Nanzala anataja wa kwake kwa Kibukusu, zamu kwa zamu. Likatajwa, Lakoro. Mtoto akapiga chafya, akashika ziwa, akanyamaza. Wakapiga vigelegele. Nanzala alidhani ni mfu wa Wanandi. Jepkemboi alidhani ni mfu wa Wabukusu. Na kwa sababu ndoa yenyewe ilishasemwa sana, kila bibi aliona haya kuuliza. Nani angetaka kuonekana anakataa babu wa wenzake? Adabu ndiyo iliyowaponza.

Waliitwa hao mabibi, wakafika Jumatatu. Mama Tryphosa aliwakalisha uso kwa uso.

"Mimi sikulitaja," Jepkemboi akasema.

"Wala mimi," Nanzala akasema. Akaanza kulia. "Mimi nilisikia limetoka upande wa jiko. Nilidhani wewe umekaa hapo."

"Nilikuwa mlangoni, mama. Jikoni hakukuwa na mtu."

Mama Tryphosa alitikisa kichwa. "Hicho si mfu, wala hakina ukoo. Kilikuwa kinakaa tu kwa majivu ya watu, hakina jina. Kikasikia watu wanagawa, kikachukua zamu. Sasa kina jina, na kina mtoto. Anakonda kwa sababu wanakula wawili."

"Kifukuzwe!" Phineas akasema.

"Utampa mtoto jina lingine, sawa. Lakini jina si nguo kuukuu, ulivue ulitupe njiani. Likishatoka kwa mtoto linataka pa kukaa, la sivyo litarudi jioni. Kipeleke mahali, ukiite hapo, ukipe jina hapo. Lazima pawe nyumba, kimezoea nyumba. Pasiwe na moto, pasiwe na mtu." Akamwangalia Jemutai. "Mlikuwa mnachagua kati ya mbili. Chagueni. Moja ya kukaa nyinyi, moja ya kukaa chenyewe."

"Lakini ile ya Lokesheni watu watakuja kupanga," Phineas akasema. "Kesho, wiki ijayo. Watu wenye watoto."

Nanzala aliinamisha kichwa. Jemutai alimwangalia mwanawe mapajani, ule utosi unaodunda, unaozama ndani kila akivuta pumzi.

"Mimi nimezika wawili," akasema. "Nitazirudia zile funguo."

Msimhukumu haraka. Mhukumuni, lakini si haraka.

Jumanne mchana, mabibi walibaki Kiplombe na mtoto. Jemutai alikwenda peke yake, akachukua funguo kwa mzee wa mtaa, akaingia kwenye kile chumba cheupe, akasimama kwenye simiti. Nje wanawake wanacheka kwenye mfereji kama kawaida. Akaita jina kwa nguvu zake zote. Harufu ikaja. "Niko," kikasema, karibu sana, na kwa mara ya kwanza kilikuwa na sauti ya furaha.

"Hapa ni kwako," Jemutai akasema kama alivyofundishwa. "Jina ni lako, nyumba ni yako. Kaa."

Akatoka kinyumenyume, akafunga, akarudisha funguo. Alimwambia mzee wa mtaa hawaitaki, mtoto hapendi simiti. Mdomo haukumtetemeka hata.

Na huko Kiplombe, saa hiyo hiyo, Jepkemboi alimpitishia mtoto ugoro akaanza kutaja upya, na safari hii kila jina likitajwa wanauliza, wa nani huyu? Umemwona kwa macho? Alipotaja Kipyego mtoto akapiga chafya kubwa. "Ni kaka yangu wa kwanza," bibi akasema haraka. "Mimi mwenyewe nilimlilia." Mama Tryphosa akawaapisha wote, jina lile la kwanza lisitajwe tena na mdomo wa yeyote kati yao. Jemutai alipofika alikuta mtoto ananyonya kidole kwa hasira. Akampa ziwa. Akalivuta mpaka likamuuma, naye akaushukuru huo uchungu.

Wakahamia Kiplombe. Mikunjo ya mapaja ikarudi. Yakatoka meno mawili chini, likafuata la juu. Phineas alitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, asilalamike. Kuhusu Lokesheni hawakuulizana. Njia fupi ya kwenda sokoni ilipita pale kwenye nyumba za mawe, lakini Jemutai alizunguka.

Mvua ilipokatika alibeba mahindi kwenda kusaga posho mili, Kipyego mgongoni. Foleni ilikuwa ndefu, na mashine ilikuwa imesimama, mwenye mashine anafunga mkanda uliokatika. Akakaa kwenye nyasi na wanawake wengine. Aliyekaa karibu naye alikuwa msichana mdogo tu, amebeba kichanga kilichofungwa blanketi. Alikuwa mcheshi, anataka kuongea. Jina lake Rosebella, mke wa Wanyama, fundi wa reli.

"Mnakaa wapi?" Jemutai akauliza, kwa kuuliza tu.

"Lokesheni. Ile nyumba ya mwisho karibu na mfereji. Tulipata bahati, mama. Ilikuwa tupu, mpya kabisa, sijui watu walikuwa wanaogopa nini."

Jemutai alilivuta gunia lake karibu. "Na mtoto?"

"Miezi miwili. Alitusumbua huyu! Kulia, kulia, mpaka mama mkwe akaja na shangazi yangu wakamtajia majina." Akacheka. "Na unajua vituko? Jina lililomnyamazisha, mimi nilidhani ni la kwa bwanangu, naye anasema nimelileta kutoka kwetu Keiyo. Tunabishana mpaka leo."

Alifunua blanketi kidogo ili mwenzake aone. Uso ulikuwa mdogo kuliko wa mtoto wa miezi miwili. Shingo nyembamba, macho makubwa.

Maneno yalikuwa mafupi. Rudi nyumbani, uwaulize hao wawili, mmoja mmoja, nani alilitaja. Hayo tu, hata jina asingelitaja. Yalikuwa yameshafika ulimini. Lakini Rosebella angeuliza, wewe unajuaje? Na wanawake wote wale wangegeuka kusikiliza. Jemutai akaangalia gunia lake. Kesho, akajiambia. Nitamtafuta kesho, tukiwa wawili.

"Amekonda kidogo," akasema.

"Ah, atanenepa. Hapendi ziwa, lakini ana akili! Mtoto wa miezi miwili, mama, na ukimwita anaitika. Na sauti nzito kama ya babake! Watu hawaniamini. Ngoja usikie mwenyewe."

"Usimwite," Jemutai akasema.

Lakini Rosebella alikuwa ameshainama, anacheka, pua yake kwenye pua ya mtoto. "Lakoro! Lakoro wangu!"

Wakangoja. Kichanga kilimwangalia mama yake, kikafungua mdomo, kikaanza kutafuta ziwa kwa pupa.

"Ajabu," Rosebella akasema. "Kila siku anaitika. Leo ana nini?"

Mgongoni pa Jemutai, Kipyego akapiga chafya.